Kubadilisha mtungi wa gesi ulioisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nauza gesi Migosi, hapa Kisumu. Maswali haya sikuyatunga. Ni yale yale ninayoulizwa kila wiki, mwingine akiwa amesimama mlangoni na mtungi begani, mwingine akipiga simu saa mbili usiku sima ikiwa bado uji. Kama una nafasi ya kusoma jibu moja tu, soma lile la povu la sabuni. Mengine yanaweza kungoja.

## Kabla hujautoa mtungi jikoni

Nitajuaje kwamba gesi imeisha kweli, na si jiko lililoziba?

Inua mtungi. Wa kilo 6 ukiwa umejaa huwa na uzito wa karibu mara mbili ya ule mtupu, kwa hiyo mkono utakuambia. Utikise kidogo: ukisikia umajimaji unacheza ndani, gesi ipo, na shida iko kwenye regulata (kile kifaa kinachokaa mdomoni mwa mtungi kupunguza msukumo wa gesi), mpira au jiko lenyewe. Jicho moja likiwaka vizuri na la pili likikataa, usije dukani. Toa kile kifuniko cha jicho, kisugue kwa brashi, zibua matundu kwa sindano, kikaushe, kirudishe.

Mbona gesi huisha ghafla bila kuonya?

Kwa sababu ndani ya mtungi haikukaa kama hewa, imekaa kama maji. Ukifungua jiko, kimiminika kile huchemka na kutoa gesi, na maadamu bado kuna kidogo kinachochemka, msukumo hubaki karibu ule ule. Kikiisha, moto unaanguka kwa dakika chache tu, maharagwe yakiwa nusu.

Ukitaka kujua kimebaki kiasi gani, mwagia maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi, kisha upitishe kiganja kutoka juu kwenda chini. Juu kutakuwa na joto. Mahali unapohisi baridi imeanza ndipo kimiminika kilipofika. Maji yawe ya uvuguvugu, si ya kuchemka. Mimi nyumbani nabandika kipande cha selotepu kwenye mtungi na kuandika tarehe niliyoufunga. Baada ya mitungi mitatu unaijua jikoni kwako bila kubahatisha.

Hii tunayotumia ndiyo propani?

Ni mchanganyiko wa propani na butani. Hazina harufu; ile harufu kali kama ya kitu kilichooza hutiwa makusudi ili pua ikushtue. Zote mbili ni nzito kuliko hewa, propani karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Likumbuke hilo, maana ndilo linaloeleza mengi huko chini: gesi ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika.

Nije dukani na nini?

Mtungi mtupu na kizibo chake. Regulata iache nyumbani. Wa kilo 6, fungua bana (lile jicho linalokaa juu ya mtungi wenyewe) na grili uviache. Watu huja na kila kitu kimefungwa juu ya bodaboda, bana inagonga njia nzima kutoka Mamboleo, na baadaye wanashangaa kwa nini shingo inavuja.

Mtungi "mtupu" una hatari yoyote?

Ndiyo. Kimiminika kimeisha lakini mvuke umebaki. Ufunge kama uliojaa, usiulaze kando ya moto, na usimpe fundi wa jua kali aukate autengeneze jiko la mkaa. Cheche moja ya kukatia chuma inatosha.

## Kuubadilisha wenyewe

Wa kilo 13 unabadilishwaje?

Zima majicho yote ya jiko. Kama kuna moto mwingine jikoni (mshumaa, koroboi, jiko la makaa, ubani wa mbu) utoe nje kwanza. Fungua mlango na dirisha.

Zungusha kitufe cha regulata hadi kifunge. Kisha itoe: zipo za pete, ambazo unavuta pete juu huku ukiinua, na zipo za kubonyeza pande mbili. Hakuna inayohitaji nyundo. Valvu ya mtungi hujifunga yenyewe regulata ikitoka, kwa hiyo mlio mfupi wa "psss" ni kawaida. Mlio usiokoma si kawaida.

Sasa usikimbilie kufunga mpya. Toa kizibo, uangalie ndani ya mdomo wa valvu kwa mwanga wa tochi, si wa kibiriti. Utaona pete ndogo nyeusi ya mpira. Iwe nzima, imelala sawasawa, haina mchanga. Pitisha kitambaa kikavu. Ndipo ukandamize regulata, kitufe kikiwa bado kimefungwa, mpaka usikie "tak" na ukiivuta juu isitoke. Fungua kitufe. Bado usiwashe jiko. Nenda kwenye swali la povu.

Na ule wa kilo 6 wa meko?

Huo hauna regulata. Bana hukaa moja kwa moja juu ya valvu kwa kuzungushwa. Funga kitufe cha bana kabisa, izungushe itoke, uiondoe pamoja na grili. Angalia pete yake ya mpira kama ulivyoangalia ya kilo 13. Kwenye mtungi mpya, anza kuzungusha kwa vidole viwili tu. Ikigoma mwanzoni, imeingia upande. Itoe, uanze tena. Ukilazimisha unakula nyuzi za chuma, na bana hiyo haitashika tena kwenye mtungi wowote. Kaza kwa mkono mpaka itulie. Spana ikae mbali. Inaponda mpira, na mpira uliopondwa unavuja zaidi kuliko uliolegea.

Nitajuaje kama inavuja? (Swali la povu)

Chukua kikombe, tia maji robo na sabuni ya maji au Omo, ukoroge mpaka povu lisimame. Kwa sponji au vidole, paka kila mahali gesi inapopita: mdomo wa valvu, mahali regulata inapokalia, mwanzo wa mpira, mwisho wa mpira, na mpira wenyewe urefu wote. Gesi iwe imefunguliwa kwenye mtungi lakini jiko limezimwa. Kisha tulia na utazame. Hesabu hadi sitini.

Povu la kawaida hupasuka na kupungua. Linaloonyesha uvujaji huzaa: kiputo kinatokea mahali pale pale, kinavimba, kinapasuka, kingine kinatokea. Wakati mwingine ni vidogo sana, kama mayai ya samaki, vimekaa kwa mstari pembeni ya shingo. Hivyo vidogo ndivyo watu huvidharau.

Nieleze kwa nini nalisisitiza hili. Kabla sijaanza kuuza gesi, nilibadilisha mtungi usiku stima ikiwa imepotea. Kijana aliyeuleta aliufunga kwa haraka, akawasha kuonyesha unafanya kazi, akaenda. Moto ulikuwa mzuri wa buluu. Nilipika, nikazima jicho, nikaacha mshumaa juu ya kabati. Baada ya muda nikasikia harufu nilipoinama kuokota kijiko, lakini nikisimama siisikii. Nilizima mshumaa kwa vidole, nikafungua mlango, nikautoa mtungi uani. Asubuhi nilipaka povu: pete ya mpira ilikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele, na viputo vilikuwa vikitoka bila kuchoka. Mshumaa juu ya kabati na gesi sakafuni. Ni kimo hicho tu kilichotutenganisha.

Kwa hiyo jiko kuwaka vizuri si ushahidi kwamba halivuji. Na usijaribu kwa kibiriti, hata kama umewaona watu wakifanya hivyo miaka yote.

Kijana wa boda akinifungia, inatosha?

Afunge, lakini asiondoke kabla ya povu. Mwambie, "Kaa kidogo, nipake sabuni." Ni rahisi kumbadilishia mtungi akiwa mlangoni kuliko kumtafuta kwa simu baada ya nusu saa. Wengi wao ni vijana wazuri wenye haraka ya safari nyingine. Wewe ndiye utakayelala na mtungi huo.

## Dukani: uzito, sili na bei

Nitajuaje kwamba nimeuziwa kilo kamili?

Kwa mizani, na ni haki yako; kanuni zinamtaka muuzaji awe nayo. Kwenye kola ya mtungi (kile chuma kinachozunguka valvu), au kibati kilichochomelewa hapo, kuna uzito wa mtungi mtupu. Haulingani kwa mitungi yote, ndiyo maana kukisia kwa mkono hakusaidii. Ukiona, kwa mfano, 6.9 kwenye mtungi wa kilo 6, mizani isome karibu 12.9. Ukiona 13.4 kwenye wa kilo 13, isome karibu 26.4. Toa kizibo kikubwa na chochote kilichoning'inia kabla ya kupima.

Usione haya kuomba. Mama mmoja wa Nyalenda huja na miwani yake, anainama kusoma ile namba kwenye kola, ananitajia jumla kabla sijauweka mtungi juu ya mizani. Natamani wateja wote wangekuwa kama yeye, kwa sababu muuzaji anayepimiwa kila siku hawezi kuchukua mzigo mwepesi kutoka kwa yeyote.

Kama namba imekwanguliwa au imepakwa rangi ikafunikwa, kataa mtungi huo.

Sili ina maana gani? Imepasuka kidogo tu.

Ile plastiki inayobana mdomo wa valvu, yenye alama ya kampuni, inakuambia hakuna aliyeugusa mtungi tangu ulipotoka kiwandani. Ikipasuka kidogo imepasuka. Sili inaweza kughushiwa, kwa hiyo isiwe badala ya mizani. Angalia vyote viwili.

Mtungi wangu ni wa kampuni moja, duka lina wa kampuni nyingine. Naweza kubadilisha?

Mara nyingi duka litakubali, lakini halilazimiki. Kanuni za 2009 zilizitaka kampuni zikubali mitungi ya wenzao na kuibadilishana katika hifadhi ya pamoja. Kanuni za 2019 ziliondoa ulazima huo: sasa hakuna anayeruhusiwa kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya mwenye chapa. Muuzaji akikuambia chapa yako haichukui, au akikuomba nyongeza, si lazima awe anakuonea. Kuna mitungi akiichukua inamkalia stoo.

Ushauri wangu: ukinunua mtungi wa kwanza, chagua chapa unayoiona kwenye maduka matatu ya mtaa wako, si ile uliyoipata kwa bei nafuu ulipokuwa Nairobi.

Kwa nini bei ya Kondele, hapa Kisumu, si sawa na ya Nakuru, na EPRA (mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta) haiisemi?

EPRA hutangaza kila mwezi bei ya juu ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Ya gesi haitangazi, kila kampuni na kila duka hujipangia. Gesi inaingia nchini kwa meli, kwa wingi kupitia Mombasa, halafu inapanda barabara kwa malori. Sisi wa huku ziwani tuko mwisho wa safari hiyo, na nauli hiyo mnaiona kwenye mtungi. Kodi nayo imepanda na kushuka: VAT ya asilimia 16 ilirudishwa Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa Julai 2023.

Bei ikiwa chini kwa mbali kuliko maduka yote jirani, rudi kwenye swali la mizani.

Kuna mtu anajaza gesi ya shilingi mia mbili kutoka mtungi mkubwa. Kuna ubaya?

Najua kwa nini watu wanakwenda. Si kila siku mtu ana pesa ya mtungi mzima, na watoto lazima wale. Lakini hilo ndilo jambo la hatari kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Mtungi unajazwa kiwandani hadi karibu asilimia 80 au 85 tu ya nafasi yake, kwa sababu kimiminika hicho hupanuka kikipata joto. Anayegeuza mtungi mkubwa kichwa chini na kuunganisha mpira hana namna ya kujua ameacha nafasi kiasi gani. Ukijaa pomoni, kisha ukaachwa juani, hauna pa kupanukia. Na wakati wa kumimina kuna gesi inayotoka kila upande, kichochoroni, karibu na mama wa chapati. Tarehe 1 Februari 2024, usiku, gesi ililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye kituo cha kujazia kisichokuwa na kibali. Watu walikufa, mamia wakaumia. Kichochoro chetu ni kidogo kuliko kituo kile, lakini gesi ni ile ile.

Kama pesa ni kidogo, kuna mitungi ya kilo 3 kwenye baadhi ya maduka, na kuna kampuni zinazokuwekea mtungi wenye mita ukalipa kidogo kidogo kwa simu pale huduma hiyo ilipofika. Uliza muuzaji wako kama anakubali kuwekewa akiba. Mimi nina daftari la wateja wanaoniletea hamsini hamsini.

## Shida baada ya kubadilisha

Nasikia harufu ya gesi. Nifanye nini kwanza?

Zima moto wowote. Funga kitufe cha mtungi. Fungua mlango na madirisha, mlango hasa, maana gesi iko chini. Usiwashe wala usizime taa ya stima. Swichi hutoa cheche kwa njia zote mbili. Simu upigie nje. Kama mtungi unaendelea kulia, ubebe wima uutoe uani, mbali na mtaro, na uwaambie majirani wasiwashe kitu. Chumba kikishapata hewa, ndipo utafute uvujaji kwa povu.

Regulata imekaa lakini gesi haitoki.

Mara nyingi haikukaa. Ifunge, itoe, uirudishe mpaka "tak". Kama bado, ijaribu kwenye mtungi mwingine hapa dukani. Regulata huchakaa, na iliyoanguka sakafuni mara nyingi usiihurumie, nunua mpya.

Moto ni wa njano na sufuria zinashika masizi.

Hewa haitoshi. Safisha jicho na tundu la hewa chini yake. Baada ya omena kufurikia jikoni, hilo ndilo jibu mara tisa kati ya kumi.

Mtungi unatoa jasho, hata barafu chini. Umeharibika?

La. Kimiminika kinapochemka hunyonya joto kutoka kwenye chuma. Ukipika githeri saa tatu kwa moto mkubwa, mtungi utapoa.

Ndugu zetu wa Molo na Timboroa wanalijua zaidi: asubuhi ya baridi moto huwa mdogo, na mtungi unaonekana umeisha wakati haujaisha. Propani huchemka hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani inakaribia kukwama kwenye sifuri, kwa hiyo baridi inaizuia kutoka vizuri. Usogeze mtungi mahali penye joto la kawaida, au uuweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Usiuweke karibu na jiko la makaa, na usiulaze ubavu ili "umalizie". Ukiulaza, kimiminika chenyewe kinaingia kwenye jiko na moto unaruka.

Moto umeshika kwenye shingo ya mtungi!

Kama unafikia kitufe bila kuungua, funga kwa mkono uliofunikwa kwa taulo lililolowa. Gesi ikikatika moto unakufa. Kama hufikii, usihangaike kuuzima kwa kuumwagia vitu: ukizima moto huku gesi inatoka, inajaa chumbani na kusubiri cheche. Toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 999 au 112. Mtungi uliolambwa na moto kwa muda unaweza kupasuka. Hakuna sufuria wala televisheni ya kurudia.

## Hali zisizo za kawaida

Naishi chumba kimoja. Mtungi ukae wapi?

Karibu na mlango, wima, mbali na kitanda na soketi, mahali ambapo gesi ikivuja itapata pa kutokea chini ya mlango. Usiufungie ndani ya kabati lisilo na matundu chini. Usiku funga kwenye mtungi, si kwenye jiko pekee. Ukiweza kuutoa nje kwenye kibanda cha chuma chenye kivuli, mpira ukapita ukutani, bora zaidi.

Naweza kuunganisha jiko la majicho mawili kwenye mtungi wa kilo 6?

Kwa regulata iliyotengenezwa kwa valvu hiyo tu. Mtungi wa meko unatoa gesi kwa msukumo wake wote. Ukiunganisha mpira bila regulata, jiko halitaweza kuuzuia. Mpira uwe wa gesi, usiozidi mita moja na nusu, na klipu za chuma pande zote mbili. Ule wa kumwagilia maua, gesi inaula taratibu kwa ndani.

Mafuriko yaliingia nyumbani na mtungi ukazama.

Tunalipata hili kila masika kutoka Nyando na pande za chini za Nyalenda. Mtungi wenyewe haujaharibika kwa sababu ya maji, lakini tope limeingia kwenye valvu na mchanga hauachi mpira ukae. Usiufunge. Uoshe nje, uache kizibo kikiwa mahali pake, uulete ubadilishwe, ueleze ulizama. Regulata iliyozama usiitumie tena.

Niliununua ng'ambo ya Busia. Mtaupokea?

Mimi siupokei. Chapa haina mwenyewe hapa, na valvu inaweza isilingane na regulata zetu. Uubadilishe kule ulikoununua.

Mtungi umeota kutu.

Kutu ya juu inayotoka kwa kitambaa haina neno. Kutu iliyokula mashimo, hasa chini kwenye duara la kukalia, au mtungi uliobonyea vibaya, uukatae dukani. Na kama ni wako, uulete jinsi ulivyo. Usiupake rangi kuficha, maana mtu mwingine atauchukua aupeleke jikoni kwake.